Jinzi za Kijapani, na mji wa mafundi wa sare za shule waliozishona

FundiPindo (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Dar. Kazi inayoniweka mjini ni kukata pindo na kupunguza suruali za mitumba. Kwa siku jinzi ishirini au thelathini zinapita mkononi mwangu, kwa hiyo kitambaa cha jinzi nakijua kwa kukigusa tu.

Mwezi uliopita mteja mmoja, kijana aliyetoka masomoni, aliniletea suruali nimkatie pindo. Nilipogeuza mguu ndani nje nikakuta mshono wa ubavuni hauna ovaloki, yaani ule mshono wa kuzuia kingo zisifumuke. Kingo za kitambaa zimefunguliwa huku na huku, nyeupe, zimelala kwa pasi, na kila ukingo una uzi mwekundu mmoja unaoshuka kutoka kiunoni hadi chini bila kukatika. Kitambaa kigumu kiasi kwamba ukikiweka mezani kinabaki kimesimama. Nilipomaliza kuikagua, kucha zangu zilikuwa za buluu. Lebo ya ndani imeandikwa Okayama.

Nilimwomba aniachie kwa muda. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichopata, na nimeona nilete hapa, kwa sababu niliyoyakuta yanatuhusu sisi mafundi kuliko yanavyowahusu wapenda mitindo.

Okayama ni mkoa ulio magharibi mwa Japani. Ndani yake kuna mji wa Kurashiki, na ndani ya Kurashiki kuna kitongoji cha pwani kinaitwa Kojima. Ardhi nyingi ya pale ni bahari iliyojazwa udongo, ina chumvi, mpunga haukubali vizuri. Pamba inavumilia chumvi. Wakalima pamba, wakaanza kusuka kanda na mikanda ya pamba, baadaye wakashona soksi za kitambaa za kuvalia kandambili za kwao, na mwisho wakawa mji wa sare za shule. Watoto wengi wa shule wa Kijapani walikuwa wakivaa nguo zilizoshonwa Kojima. Hao ndio watu wa uzi huu: mafundi wa sare.

Zikaja nyuzi za sintetiki, soko la sare likashikwa na wakubwa, na viwanda vidogo vya pamba vikabanwa. Kiwanda kimoja, Maruo, kikatafuta kazi nyingine. Wakati huo Wajapani walikuwa tayari wanazijua jinzi kwa mitumba. Baada ya vita iliyoisha 1945 nguo za wanajeshi wa Kimarekani zilikuwa zikiuzwa kwenye soko la Ameyoko, Ueno, Tokyo, na watu wakaziita "jiipan". Ni mitumba kabisa, kama hii ya soko letu la Karume. Maruo wakasema: kama watu wanazigombania zikiwa zimevaliwa, tushone mpya.

Hapa ndipo nilipojiona mimi mwenyewe. Cherehani za sare zilishindwa kupita kwenye kitambaa kile. Kila aliyewahi kujaribu kupitisha mshono wa kati wa jinzi kwenye cherehani ya kawaida anajua sauti ya sindano inayokatika. Ikabidi waagize cherehani za Union Special zilizotumika kutoka Marekani, na kitambaa chenyewe waagize huko huko. Mwaka 1965 wakatoa jinzi za kwanza kushonwa Japani, kwa jina la Canton. Mwaka 1967 wakaanzisha jina lao, Big John.

Na zilipofika dukani watu wakazikataa, kwa kuwa zilikuwa ngumu kama ubao. Walishazoea laini za mitumba. Kiwanda kikaanza kuzifua kabla ya kuuza, na ufundi wa kufua jinzi ambao leo umeifanya Kojima ijulikane ulianzia kwenye shida hiyo.

Naendelea chini, nina mteja.

MamaBelo

Fundi, shikamoo kwa huo utafiti. Mimi nafungua belo za jinzi mwaka wa tisa sasa. Ule uzi mwekundu nimewahi kuuona kwenye jinzi kuukuu za Kimarekani, wanunuzi wawili watatu hukunja pindo la kila suruali kuutafuta, wakiuona wanalipa bila kubishana. Sikuwahi kujua wanatafuta nini. Ule uzi ni kitu gani hasa?

FundiPindo

Marahaba mama, na asante kwa swali, maana ndiyo kiini cha jambo.

Kitambaa chochote kina nyuzi za urefu, yaani mtande, na nyuzi za upana, yaani mshindio. Kwenye jinzi mtande ni wa buluu na mshindio ni mweupe, ndiyo maana ukigeuza suruali ndani unaona weupe. Mtambo wa zamani hupitisha mshindio kwa kijiti kilichochongwa kama mtumbwi, chenye bobini ya uzi tumboni. Mtumbwi unakwenda kulia, unarudi kushoto, na uzi ni ule ule. Kila ukigeuka unaufunga ukingo wenyewe kwa wenyewe. Ukingo huo haufumuki hata ukiuacha wazi miaka ishirini.

Mitambo ya kisasa haina mtumbwi. Inarusha mshindio kwa hewa au kwa kishikio, halafu inaukata kila safari. Inakwenda kasi mara nyingi zaidi na inatoa kitambaa kipana, lakini ukingo unabaki na manyoya, ndiyo maana lazima upige ovaloki.

Uzi mwekundu ulikuwa alama. Kiwanda cha Cone Mills cha Greensboro, Carolina Kaskazini, kilikuwa kikitia mstari mwekundu kwenye ukingo wa kitambaa cha Levi's ili roli zisichanganywe. Kwa hiyo mama, wateja wako wanaotafuta mstari kwenye jinzi za Levi's wanatafuta umri, kwa kuwa viwanda vya Marekani viliiacha mitambo hiyo vilipofuata kasi.

Wajapani wakaishika. Kwanza ikabidi wajifunze kufuma kitambaa chenyewe. Kiwanda cha Kurabo cha Kurashiki, kilichoanzishwa mwaka 1888, kilitoa denimu yake, yaani kitambaa cha jinzi, mwaka 1973 na kuiita KD-8. Yaani jaribio la nane. Saba ya kwanza yalikataliwa. Mwaka huo huo Big John wakatoa jinzi ya kitambaa cha nyumbani.

Na kutia rangi nako kulikuwa na mlima wake. Kampuni ya Kaihara ya Fukuyama, mkoa wa jirani wa Hiroshima, ilianza mwaka 1893 ikifuma kasuri, kitambaa cha kimono cha rangi ya buluu ya nili chenye michoro myeupe. Kimono zilipopungua wakafuma saruni za kuuza nje, zikafika hadi Aden. Soko la saruni nalo likafa. Mwaka 1970 wakajitengenezea mtambo wa kutia nili uzi uliosokotwa kama kamba, wa kwanza Japani. Watu wa pwani mtanielewa: hawa walishonea bahari yetu hii kabla ya kushonea jinzi.

MwanaTanga

Hapo kwenye nili umenigusa. Bibi yangu alikuwa na kaniki, na maji ya kwanza ya kuifua yalikuwa yakitoka meusi ya buluu, tunakatazwa kuichanganya na kitu chochote. Shingo yake na mikono vilikuwa na rangi ile siku ya kwanza. Kwa nini nili inachuja hivyo miaka yote, wakati rangi nyingine zinashika?

FundiPindo

Kaka, nitakueleza nilichokifanya kwa mikono yangu. Nilipokata pindo nilichomoa uzi mmoja wa mtande, nikaukata kwa wembe, nikauangalia kwa kioo cha kukuzia. Nje ni buluu nzito. Katikati ni mweupe, kama muhogo uliomenywa nusu.

Ni hivi. Nili haiyeyuki kwenye maji. Lazima kwanza inyang'anywe hewa kwa dawa au kwa kuchachusha, na hapo rangi ya pipa inakuwa ya manjano inayoelekea kijani. Uzi ukizamishwa na kutolewa, unatoka wa kijani, halafu ukiwa unaning'inia unakutana na hewa na kugeuka buluu mbele ya macho yako. Wanazamisha tena, wananing'iniza tena, mara nyingi, na kila mara tabaka jipya linakaa juu ya lile la jana. Kwa sababu kamba inakaa kwenye pipa muda mfupi, nili haifiki moyoni mwa uzi. Inakaa juu tu, kama ngozi. Ukivaa na kusugua, ngozi inachubuka na weupe unachungulia. Kupauka kwa jinzi ni hicho tu.

Ndiyo maana jinzi ya hivi inapauka kwa ramani ya mwili wako. Mistari ya mapajani kwenye kinena, Wajapani wanaiita hige, yaani sharubu. Nyuma ya goti kunachoreka vyumba vyumba, wanaviita hachinosu, mzinga wa nyuki. Na kwa kuwa uzi wao unasokotwa kwa makusudi usiwe sawa sawa, penye unene unasuguliwa zaidi, basi inatokea michirizi myeupe ya wima kama mvua. Hiyo wanaiita tate-ochi.

Nili nyingi sasa ni ya kiwandani, kampuni ya BASF ya Ujerumani iliianza kibiashara mwaka 1897. Lakini Tokushima, kisiwa cha Shikoku, bado kuna watu wanaolima mmea wa nili, wanalundika majani yake na kuyageuza kwa maji kiasi cha siku mia moja mpaka yanakuwa kama mbolea, kisha wanayachachusha kwa maji ya majivu na pumba za ngano. Jinzi ya nili hiyo bei yake ni nyingine kabisa.

Pwani_Halisi

Mkuu, nakuheshimu, lakini niseme nilichonacho moyoni. Nimepita kwenye maduka yao mtandaoni, suruali moja yeni elfu thelathini. Hiyo kwetu ni kama laki tano. Suruali ya laki tano itafanya nini ambayo ya elfu ishirini haifanyi? Mimi naona ni jina tu.

FundiPindo

Hoja yako ni ya haki, na sehemu yake nakubali. Kuna jina ndani ya bei. Lakini fanya hesabu kama fundi.

Kitambaa cha mtambo wa mtumbwi kina upana wa sentimita 75 hadi 80, kwa hiyo suruali moja inakula karibu mita tatu. Kwa kitambaa kipana cha kisasa inatosha karibu nusu ya hapo. Mtambo wenyewe ni wa zamani na unakwenda polepole, unahitaji mtu anayeujua kwa sauti yake, na vipuri vyake vinatoka kwenye mitambo mingine iliyokufa. Kisha kitambaa kinapimwa kwa aunsi kwa yadi ya mraba: jinzi nzuri ya kawaida ni aunsi 14, yaani karibu gramu 475 kwa mita ya mraba. Iron Heart, wanaowashonea waendesha pikipiki, wamejulikana kwa aunsi 21, zaidi ya gramu 700. Jaribu kupitisha tabaka sita za kitu hicho chini ya mguu wa cherehani.

Ila nakuunga mkono kwenye jambo moja, na nataka wasomaji walishike. Ukingo wenye uzi mwekundu si hati ya ubora. Unakwambia mtambo, haukwambii pamba, wala nili, wala fundi. Siku hizi kitambaa chenye ukingo wa namna hiyo kinafumwa kwa bei rahisi nchi nyingi. Na kinyume chake, Uniqlo, maduka makubwa ya nguo ya Kijapani, wanauza jinzi za kitambaa cha Kaihara kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida wa kule anaimudu. Kwa hiyo anayekuuzia mstari mwekundu peke yake anakuuzia mstari.

Na lile la kwamba Wajapani walinunua mitambo ya Levi's Marekani wakaihamishia kwao, nimekutana nalo kila mahali. Si kweli. Levi's hawakuwa wafumaji, kitambaa walinunua Cone, na Cone walifuma kwa mitambo ya kampuni ya Draper ya huko huko Marekani. Mitambo ya Okayama ni ya Toyoda.

Dereva_Hiace

Toyoda? Ndio hawa hawa wa gari ninayoendesha?

FundiPindo

Ndio hao hao, kaka, na hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Sakichi Toyoda alikuwa mtoto wa seremala. Akiwa kijana alimwona mama yake akifuma kwa mkono na akaanza kuhangaika na mitambo ya mbao. Mwaka 1924 akakamilisha mtambo aliouita G. Ulikuwa na mambo mawili: bobini ikiisha unabadilisha mtumbwi wenyewe bila kusimama, na uzi ukikatika unasimama wenyewe kabla haujaharibu kitambaa. Mfanyakazi mmoja akaweza kuangalia mitambo mingi. Mwaka 1929 haki za mtambo huo zikauzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza, na mwanawe Kiichiro akaanza utafiti wa magari. Ile kanuni ya kusimama pale kosa linapotokea wameihamishia kwenye viwanda vya gari hadi leo.

Kwa hiyo Hiace yako na suruali iliyopita mezani kwangu zina babu mmoja. Mitambo iliyofuata ile G ndiyo inayolia hadi sasa kwenye karakana za Okayama. Ina mtetemo. Mkazo wa nyuzi si mkali kama wa mtambo wa kisasa, kitambaa kinatoka na mawimbi madogo madogo, kidole kinahisi. Meneja wa kiwanda cha zamani angeliita kasoro. Ni kwa ajili yake watu wanapanda ndege kwenda Kojima.

Robota

Mimi ni mkulima wa pamba, Bariadi. Nimesoma uzi wote nikisubiri itajwe pamba inakotoka. Sehemu kubwa ya pamba yetu inaondoka nchini ikiwa marobota, haijawa hata uzi. Hao Wajapani pamba wanatoa wapi?

FundiPindo

Mzee wangu, shikamoo. Wananunua sehemu nyingi, Marekani ikiwemo. Lakini iliyosifiwa sana kwenye jinzi zao ni ya Zimbabwe. Miaka ya 1990 kulikuwa na kundi la karakana tano za Osaka zilizoifufua jinzi ya zamani: Studio D'Artisan iliyotangulia mwaka 1979, Denime, Evisu, Fullcount na Warehouse. Fullcount ndio waliochagua pamba ya Zimbabwe na kuijengea jina. Sababu ni mbili, na zote utazijua kuliko mimi: nyuzi zake ni ndefu, na inachumwa kwa mkono.

Robota

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye mkono niongeze. Mashine inachuma tumba lililofunguka na lisilofunguka, na majani, na vijiti. Ginari, kiwanda cha kuchambua pamba, inalazimika kuipiga sana kuisafisha, na kila ikipigwa nyuzi zinakatika. Mkono unachukua iliyoiva tu, leo, na kesho unarudi kwa nyingine. Kama mchumaji hakuchanganya na takataka, uzi wake unakuwa mrefu na laini. Huku Kanda ya Ziwa tunachuma kwa mkono sote. Tatizo letu ni wanaotia maji na mchanga ili mzani upande, wanaharibu jina la wote. Mtu wa Osaka angeweza kuitaka pamba ya Bariadi, lakini angetaka kwanza aiamini.

GikombaKwetu

Wakuu, hamjambo. Niko Nairobi. Niliwahi kushona kwenye kiwanda cha EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, pale Athi River, jinzi za kwenda Marekani kwa AGOA, mpango wa kuingiza bidhaa huko bila ushuru. Mimi kazi yangu ilikuwa mfuko wa nyuma wa kulia. Huo tu, mwaka mzima, na hesabu ya saa inaandikwa ubaoni. Nilipoacha nilikuwa siwezi kushona suruali nzima. Nataka kujua, huko Kojima mtu mmoja anashona suruali yote?

FundiPindo

Ndugu yangu, viwanda vingi vya kule navyo hugawana kazi, mmoja mifuko, mwingine mkanda. Tofauti ni idadi kwa siku na muda wa kukaa kwenye kazi. Evisu walipoanza, ule mchoro wa ndege wa baharini kwenye mfuko wa nyuma ulikuwa ukipakwa kwa brashi, kwa mkono, suruali moja baada ya nyingine. Momotaro wa Kojima, waliojiita kwa jina la shujaa wa hadithi ya watoto ya Okayama, wana jinzi ambayo kitambaa chake hufumwa kwenye kitanda cha kufumia cha mkono, mtu akikanyaga na kurusha mtumbwi mwenyewe. Bei yake sitaitaja, itawakatisha tamaa.

Wana jambo moja nisilolikubali. Wengi wanashona kwa uzi wa pamba tupu, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa zamani na kwa kuwa unapauka pamoja na kitambaa. Unapendeza. Lakini uzi wa pamba unaoza kwa jasho, na mshono wa kati unafumuka wakati kitambaa bado kizima. Mimi ningetia uzi wenye moyo wa polyester mahali pale pa mateso, mapambo niyaache kwa pamba.

MamaBelo

Na ile suruali ya kijana, fundi? Iliishaje?

FundiPindo

Nilikaribia kuikosea. Nilikuwa nimeshaipima na chaki mkononi, nikakumbuka kitambaa kilivyokuwa kigumu. Kitambaa cha jinzi za kawaida kinapitishwa kwenye mtambo wa kukirudisha, yaani kukipunguza, kabla ya kushonwa, njia iliyopewa hati mwaka 1930 kwa kazi ya Sanford Cluett, kwa hiyo hazirudi sana. Hii ilikuwa mbichi, haijapitishwa. Nikampigia simu mwenyewe nikamwambia lazima ilowe kwanza.

Nikaitia kwenye beseni la maji ya moto ya kuvumilika, nimeigeuza ndani nje, saa moja. Maji yakawa kama chai ya nili. Nikaianika kivulini, bila kuikamua. Mguu wa ndani ulikuwa sentimita 86, ilipokauka nikapata 80. Kama ningekata kwanza ningempa mtoto wa watu suruali ya kuvukia mto.

Pindo lake la asili lilikuwa la mshono wa mnyororo, wa cherehani ya Union Special 43200G ambayo haitengenezwi tena. Cherehani ile inavuta tabaka la juu na la chini kwa tofauti ndogo, pindo linajisokota kama kamba, na likifuliwa matuta yake yanapauka peke yake. Cherehani yangu haitoi mshono huo, nikamweleza wazi kabla. Akakubali. Nikatumia sindano namba 18, uzi wa rangi ya dhahabu ya kutu, nikazungusha gurudumu kwa mkono kila nilipofika kwenye mshono mkubwa, ili isikatike.

Jana amekuja kuichukua. Nimemwambia asiitie jiki, asiianike juani, na aifue ikiwa chafu, asiwasikilize wanaosema ikae mwaka bila maji, kwa joto letu hili jasho litaila.

Kipande kilichobaki cha pindo, chenye ukingo na uzi wake mwekundu, nimeomba nibaki nacho. Kipo kwenye droo ya cherehani pamoja na ule uzi nilioukata kwa wembe. Fundi yeyote anayetaka kukishika na kukifumua aone kilivyofumwa, aniandikie ndani nimwelekeze nilipo. Kioo cha kukuzia ninacho.